Beri Zisizo na Kiini

Jumanne, saa mbili kasoro asubuhi, ndoo ya Nesi Mstaafu ilikuwa bado juu ya kaunta ya kituo, imefungiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nzi wawili walikuwa wakitembea juu ya mfuko kwa nje, wakitafuta pa kuingilia.

Inspekta alisimama mbele yake, chai mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Askari wa kituo walimpa jina la Msumari, kwa sababu akishagonga mahali hang'oki. Walimwita hivyo asipokuwepo. Alijua.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumapili asubuhi Nesi Mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na minane ambaye nusu ya mji ule ilikuwa na kovu aliloshona yeye, alitoka nyumbani na ndoo ya plastiki yenye kifuniko kwenda kuchuma beri za mwituni. Kila mwaka alizipika jamu akawagawia majirani. Jioni hakurudi. Jumatatu asubuhi mkwe wake, Seremala, aliingia kituoni na ile ndoo, imejaa, akasema ameikuta ukingoni mwa mto, chini ya daraja, kwenye vichaka vya beri. Tangu saa ile wapiga mbizi walikuwa majini.

Mkuu wa Kituo alitoka ofisini akiweka kofia yake sawa.

"Leo tunashuka mpaka bwawani," alisema. "Wewe malizia karatasi za familia."

"Mkuu, hatujapata hata kiatu."

"Mto umejaa, Inspekta. Mto ukishiba unatema."

Alisema hivyo kwa sauti, na hapohapo akajuta, maana kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa binti wa Nesi. Alikuwa mshonaji. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, na kastabini ilikuwa bado kwenye kidole chake cha kati. Alikuwa ameivaa tangu Jumapili bila kukumbuka kuivua.

"Naomba kuuliza," Mshonaji alisema. "Mnatafuta mtu, au mnatafuta maiti?"

Mkuu wa Kituo alitazama saa yake. Inspekta aliweka chai chini, akavaa glavu, akafungua mfuko.

Beri za juu zilikuwa nyeusi, zimefunikwa na vinyweleo vya kijivu vyepesi kama vumbi. Jana, alipokuwa amesimama kando ya daraja akisubiri wapiga mbizi, alikuwa amechuma moja kichakani akaila kwa kuua muda. Alikumbuka vizuri kwa sababu ilimkera: katikati ilikuwa na kijiti cheupe, kigumu kidogo, akakitafuna na kukitema. Sasa alichukua beri moja ya ndoo, akaigeuza.

Ndani ilikuwa tupu.

Akachukua ya pili. Tupu. Akaipachika ya tatu kwenye ncha ya kidole chake kidogo, ikakaa kama kofia. Mshonaji aliinuka benchini, akaitazama, kisha akatazama kidole chake mwenyewe.

"Kama kastabini," alisema.

"Mama yako huchuma wapi kila mwaka?"

"Mtoni. Lakini wiki iliyopita alilalamika. Alisema mwaka huu zimechelewa, mvua imezivuruga."

"Zimechelewa?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi najua kula jamu tu, miti anaijua yeye."

Inspekta alipanga beri kumi juu ya gazeti. Zote kumi zilikuwa tupu. Akachukua kijiko, akazamisha taratibu mpaka chini ya ndoo. Kijiko kilirudi na beri nyekundu, zimepondeka, lakini zile zilizobaki nzima nazo zilikuwa na shimo. Kisha akainyanyua ndoo yenyewe. Kwenye kitako chake, kwa nje, kilikuwa kimenata kipande cha jani, kijani upande mmoja, cheupe kama flana upande wa pili.

"Mkuu, beri hizi hazikutoka mtoni."

"Beri ni beri, Inspekta."

"Nipe mpaka saa sita."

"Gari liko moja, na liko mtoni."

"Koplo ana pikipiki."

Mkuu wa Kituo alimtazama, akamtazama Mshonaji, akaona hana mahali pa kukimbilia. "Saa sita," alisema. "Saa sita na dakika moja uko majini na sisi."

*

Chumba cha mimea iliyokaushwa kilikuwa mwisho wa korido ya chuo cha kilimo, nyuma ya stoo ya mbolea. Kilinuka dawa ya nondo. Makabati ya chuma yalijaa kutoka sakafuni hadi darini, na katikati, mezani, mwanamke mrefu mwenye mafua alikuwa akiinua karatasi moja baada ya nyingine.

"Subirini," alisema bila kugeuka. "Siwezi kumwona mtu mpaka nipate miwani."

"Iko kichwani, Mwalimu," alisema Koplo.

Aliishusha, akawatazama, akapiga chafya. Huyo ndiye Mtunza Mimea. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akikausha majani, kuyabandika na kuyaandikia mahali yalipotoka, na katika miaka yote hiyo hakuna askari aliyewahi kumpigia hodi.

Inspekta hakupoteza maneno. Aliweka mezani vibakuli viwili vya beri na kile kipande cha jani.

"Bibi mmoja amepotea siku mbili. Ndoo yake tumeletewa kutoka mtoni. Nataka kujua kama beri hizi zimeota mtoni."

Mtunza Mimea alichukua beri nyeusi kwa kibanio, akaiweka chini ya lenzi. Haikumchukua hata dakika.

"Hapana."

"Una hakika?"

"Sikiliza, mama. Watu wanatazama rangi. Rangi inadanganya. Ikiwa nyekundu wanasema rasiberi, ikiwa nyeusi wanasema beri nyeusi, wakaenda zao. Kinachotakiwa kutazamwa ni tunda linavyoachana na mti. Beri nyeusi ya kweli, ile ya mtoni, ukiichuma inakuja na kiini chake, kile kijiti cheupe. Rasiberi ukiichuma inateleza kama kofia, kiini kinabaki mtini. Hii ni nyeusi, lakini ni rasiberi. Rasiberi nyeusi. Ona na huu ukungu wa vinyweleo. Ya mtoni inang'aa kama kiatu kilichopakwa rangi, haina hiki."

"Na jani?"

Aligeuza kipande kwa sindano. "Weupe huu wa chini ni wake. La mtoni ni kijani juu na chini, na vijani vyake vimetoka mahali pamoja, kama vidole vya kiganja. Hili linapangika huku na huku, kama unyoya. Na shina lake ungelijua hata gizani. La mtoni lina pembe, ukilishika linazunguka kwa kukwaruza, na miiba yake ina kitako kipana. La huyu ni la duara, limepakwa unga mweupe kama chaki. Ukilipangusa unabaki na unga kidoleni."

Koplo alikuwa akiandika kwa kasi mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Zile nyekundu zilikuwa chini ya ndoo," alisema Inspekta. "Yaani alizichuma mwanzo."

"Rasiberi ya bustani hiyo. Mwituni huku haipo. Ila iko sehemu moja, lile shamba lililoachwa juu ya mji. Mwenyewe alipanda mistari minne, akahama, zikabaki zinajilea."

Inspekta alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza. Ndoo ilikuwa imeanza kuzungumza. Chini kabisa shamba la kale, upande wa juu wa mji. Juu yake rasiberi nyeusi. Nesi alikuwa ameupa mto kisogo tangu hatua ya kwanza.

"Juu ya shamba lile kuna nini?"

"Msitu wa hifadhi."

"Hii nyeusi inaota msituni?"

Mtunza Mimea alifuta pua, akaenda kabatini, akarudi na karatasi ngumu yenye tawi lililokauka. "Hapo ndipo kuna ugomvi. Mmea huu hautaki kivuli. Unataka jua na ardhi iliyochafuliwa: barabara mpya, maporomoko, mahali palipokatwa miti. Msitu ule umefunga juu kama paa. Mimi nimeupata humo mara moja tu, miaka kumi na moja iliyopita, kwenye maporomoko juu ya chemchemi."

"Koplo," alisema Inspekta.

Koplo alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki. "Nampitia askari wa misitu, tunapanda chemchemini. Nikifika nakupigia."

"Na wewe, Mwalimu, nakuomba twende wote mtoni. Nataka uyaseme haya mahali penyewe."

"Nina mafua."

"Bibi wa watu ana siku mbili nje."

Mtunza Mimea alichukua lenzi na mkasi, akajifunga skafu shingoni.

*

Chini ya daraja walipata kile kichaka ambacho Seremala alikuwa amewaonyesha askari jana. Mtunza Mimea alikata shina moja, akampa Inspekta alizungushe kati ya vidole. Lilikuwa na pembe tano, likakwaruza. Jani lilikuwa kijani pande zote. Inspekta alichuma beri nyeusi, akaivunja: kiini cheupe kilikuwamo ndani, kimekaa imara.

Halafu akarudi nyuma hatua tatu, akakitazama kichaka chote kwa mkupuo mmoja, akajilaumu kwa kutofanya hivyo jana. Beri karibu zote zilikuwa bado kijani na nyekundu, ngumu kama kokoto. Zilizoiva zilikuwa za kuhesabu.

"Mtu akichuma vichaka vyote vya ukingo huu leo," alimuuliza Mtunza Mimea, "anajaza ndoo?"

"Anajaza kikombe, tena cha mtoto."

Mpiga mbizi mmoja aliibuka majini, akatikisa kichwa kwa Mkuu wa Kituo aliyekuwa amesimama ng'ambo, akazama tena.

Simu ililia. Ilikuwa sauti ya Koplo, akihema.

"Afande, tuko kwenye maporomoko. Hakuna kitu. Miti imeshakua, kivuli kitupu. Askari wa misitu anasema hivi vichaka havijaonekana hapa miaka mitano."

"Muulize kama kuna mahali pengine pamefunguka."

Koplo alimuuliza, akarudi simuni. "Anasema kwenye ramani yake hakuna."

Inspekta alikata simu. Ilikuwa saa nne na robo.

"Mwalimu, shina la huyu mmea linazaa likiwa na umri gani?"

"Mwaka wa kwanza linaota majani tu. Mwaka wa pili linazaa, halafu linakufa."

"Kwa hiyo mahali penye ndoo nzima ya beri..."

"Pamefunguliwa si chini ya miaka miwili. Na askari wa misitu hapajui."

"Aliyepafungua anapajua," alisema Inspekta.

*

Karakana ya Seremala ilikuwa ubavuni mwa nyumba yake, na chumba cha kushonea cha mkewe kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Seremala alikuwa akipiga randa. Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, mpole wa sauti, mtu wa kusaidia kubeba majeneza ya watu. Alipowaona aliweka randa chini.

"Karibuni. Mmempata?"

"Bado," alisema Inspekta. "Nataka tu uniongoze tena. Ndoo uliikuta saa ngapi?"

"Jana, kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chini ya daraja."

"Ilikuwa imesimama?"

"Imesimama, na kifuniko chake."

"Na mikwaruzo hiyo mikononi?"

"Niliingia vichakani kumtafuta. Miiba ile haina huruma."

"Ulivaa nini?"

Alielekeza kwa kidevu sweta ya kahawia iliyoning'inia msumarini. "Hiyo hapo. Imechanika yote."

"Ulivaa hii hii, ukaingia vichaka vya mtoni, basi? Hukwenda nayo mahali pengine?"

"Pengine wapi? Mtoni tu."

"Mwalimu," alisema Inspekta.

Mtunza Mimea alitandaza sweta juu ya benchi la randa, akainama na lenzi yake. Seremala alimtazama huyu mwanamke mwenye skafu anayekagua nguo yake kama anayetafuta chawa, akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. Wakati mwanamke yule akifanya kazi, Inspekta alizunguka karakana. Kulikuwa na vitanda viwili vya mbao ngumu nyekundu, na ubao mmoja ulioegemezwa ukutani. Aliugusa. Kidole kilirudi na unyevu.

"Mbao hizi bado zinatoa maji."

"Ndivyo zinavyokuja."

"Zinakuja kutoka kwa nani?"

"Kwa watu wa mbao."

"Ulianza lini kutengeneza vitanda vya mbao hizi?"

Seremala alipangusa vumbi la mbao mikononi. "Kama miaka miwili. Miwili na kidogo."

Mtunza Mimea aliinuka. Kwenye kibanio chake kulikuwa na kipande cha shina, kirefu kama kucha. Alikizungusha. Kilikuwa cha duara. Akakipangusa kwa ncha ya kidole, akamwonyesha Inspekta kidole chenyewe: kilikuwa na unga mweupe.

"Kimenasa kwenye mkono wa kushoto," alisema. "Na hapa kwenye pindo kuna jani, chini jeupe. Sweta hii haina hata mwiba mmoja wa mtoni."

Inspekta aliweka juu ya benchi shina alilotoka nalo darajani, kando ya kile kipande. Hakupandisha sauti.

"Hili ni la mtoni, ona lina pembe. Hili ni la sweta yako, ni la duara, lina unga. Ndoo ya mama mkwe wako haina hata beri moja ya mtoni, na mtoni zenyewe hazijaiva. Wewe ndiye uliyeipeleka darajani. Sikuulizi kama uliipeleka. Nakuuliza uliitoa wapi."

"Inspekta, mimi sijui mambo ya majani..."

"Sawa, huyajui. Mahali unapajua."

"Huyu bibi ni mama kwangu. Mimi nimuumize?"

"Sijasema umemuumiza. Nimesema mahali."

Mlango wa upande wa pili ulifunguka. Mshonaji alikuwa amesimama pale, mkono juu ya kitasa. Hakuna aliyejua ameanza kusikiliza saa ngapi. Aliitazama ile sweta, na mume wake, na ile sweta tena.

"Baba watoto," alisema. "Mama yangu yuko wapi?"

Seremala aliketi juu ya rundo la mbao.

"Juu," alisema mwishowe. "Kupita lile shamba lililoachwa. Nina mahali pa kupasulia mbao huko, mimi na mwenzangu mmoja aliyehama. Jumapili jioni nilipanda kuficha msumeno. Ndoo ilikuwa njiani, imekaa tu. Nikasema labda ameshuka kwa njia nyingine. Nikaichukua. Aliporipotiwa kuwa amepotea nikajua watu watapanda kule, wataona visiki."

"Ukawapeleka mtoni."

"Nilijua mtoni watatafuta kwa bidii."

"Hapo pa kupasulia," alisema Inspekta, "mnapasulia juu ya nini?"

"Kuna shimo. Mmoja anasimama juu, mmoja chini."

"Limefunikwa?"

"Matawi na turubai. Watu wasilione."

"Amka," alisema Inspekta, akamfunga pingu. Alipotoka nje tayari alikuwa na simu sikioni: Koplo na askari wa misitu waje na kamba, machela na maji, wakutane shambani, Mkuu wa Kituo awatoe watu wake majini na kuleta gari mpaka mwisho wa barabara. Mkuu alianza kuuliza jambo. "Saa sita bado, Mkuu," alimwambia, akakata.

*

Walipita mistari minne ya rasiberi nyekundu, wakaingia msituni kwa njia nyembamba iliyoburutwa magogo. Baada ya nusu saa kivuli kilikatika ghafla. Mbele yao ulifunguka uwanja wa jua, mpana kama kiwanja cha mpira, umejaa visiki, na juu ya visiki vichaka vya mashina meupe yaliyopinda kama migongo. Askari wa misitu alivua kofia. Kila mwezi alikuwa akipita chini kidogo ya hapo.

"Shimo liko wapi?"

Seremala aliwaongoza moja kwa moja hadi chini ya mti mkubwa uliolala. Turubai lilikuwa pale, limetandazwa, matawi juu yake, halijaguswa. Koplo alilivuta. Ndani kulikuwa na vumbi la mbao na chupa tupu.

"Hayumo," alisema Seremala. "Mnaona? Basi alishuka kwa njia nyingine."

Koplo aliita kwa sauti kubwa. Msitu haukujibu. Inspekta alitazama turubai lile lililokuwa halijaguswa, akamtazama Seremala aliyewafikisha pale bila kusita hata mahali pamoja, akamgeukia Mtunza Mimea.

"Umesema kiini kinabaki mtini."

"Kinabaki. Kidole cheupe kama punje. Baada ya siku mbili kinakuwa cha manjano."

"Nionyeshe."

Mtunza Mimea aliinamia kichaka cha karibu, akakipita, akainamia cha pili. "Huku hakuna aliyechuma." Akaenda upande wa njia waliyoingilia. "Hapa. Njoo uone. Moja, mbili, tano. Ndege hachumi hivi, ndege anaharibu. Huu ni mkono wa mtu mwenye subira."

Wakafuata vile viini. Nesi alikuwa amechuma kama alivyoshona watu, bila kuruka mahali: kichaka hiki upande wa kushoto mpaka kimalizike, halafu kinachofuata. Vilivuka njia, vikazunguka kisiki, vikashuka kibonde kidogo ambako nyasi zilikuwa ndefu. Njiani palikuwa na duara la nyasi zilizolala, ukubwa wa kitako cha ndoo. Ndoo ilikuwa imeshajaa, akaiweka chini. Viini vinne zaidi vilionekana hatua kumi mbele yake, kwenye tawi lililoning'inia. Hizo alizichuma za kula.

Chini ya tawi lile matawi makavu yalikuwa yamevunjika kwa ndani.

"Tuliliacha mwaka jana hili," Seremala alisema haraka, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nilishalisahau."

Inspekta alilala kifudifudi, akaingiza kichwa. "Nesi!"

Kisha sauti kama ya kukwaruza ubao ikatoka chini.

"Msirukie humu. Mguu umevunjika mahali pamoja, msije mkaniongezea pa pili. Nani ana maji?"

Koplo alishuka kwa kamba, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. Mwaka juzi bibi huyu alikuwa amempokea mtoto wake wa kwanza. Alimkuta ameegemea udongo, mguu wa kulia umefungwa kati ya vipande viwili vya mbao kwa vitambaa alivyochana kutoka kwenye kilemba chake, mafundo yote yamepangwa sawa. Turubai chakavu lililoanguka naye lilikuwa limekinga manyunyu ya Jumapili usiku, na hayo ndiyo aliyoyanywa. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yalikuwa makali vilevile.

Walimtoa saa saba na dakika kumi. Machela ilihitaji watu wanne, na wanaume walikuwa watatu pamoja na Seremala. Mtunza Mimea alikuwa akikohoa mpaka anashika mti. Inspekta alimfungua Seremala pingu.

"Shika mbele, kushoto," alimwambia. "Ukimwangusha, tutaonana mimi na wewe."

Yeye mwenyewe alishika nyuma. Walishuka polepole. Nesi alifumba macho mwendo mrefu, na Inspekta alidhani amelala. Walipofika kwenye shamba la kale aliyafumbua, akatazama mgongo wa mtu aliyekuwa mbele upande wa kushoto.

"Mkwe wangu," alisema.

Seremala hakugeuka. "Naam, mama. Pole, mama."

"Jumapili nilikusikia. Uliita 'Mama' mara mbili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nikaitika. Nikakuita kwa jina lako. Niliitika mpaka koo likakauka." Alipumzika kidogo. "Halafu nikasikia mpini wa ndoo ukigonga. Ukagonga mara nyingi, kila mara mbali zaidi."

Askari wa misitu alikuwa akitazama miguu yake. Machela haikutikisika, na hatua za Seremala hazikubadilika, mpaka walipofika mwisho wa barabara ambako gari lilikuwa likingoja milango wazi. Mshonaji alishuka mbio, akapiga magoti, akashika uso wa mama yake kwa mikono miwili.

Wakaiweka machela garini. Seremala alibaki amesimama mikono ikining'inia, viganja vyekundu kwa uzito.

"Ulimsikia?" Inspekta aliuliza.

Mshonaji aliinua kichwa. Naye alikuwa akingoja jibu.

"Nilimsikia," alisema Seremala. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nikajiambia nikimtoa ataeleza alikoangukia."

Inspekta alimfunga pingu, akamkabidhi kwa Koplo. Nesi aligonga ubavu wa gari kwa kiganja, akamwambia dereva asingoje watu wamalize kulia, mguu hauwezi kungoja, na gari likaondoka na mama na binti yake.

Mpaka dakika ile Inspekta alikuwa na makosa mawili ya kumwandikia Seremala: kukata miti ya hifadhi na kudanganya polisi. Alifungua daftari juu ya tangi la pikipiki, akaandika la tatu, juu ya yale mawili, kumwacha mtu shimoni ilhali anamsikia, kisha akamgeuzia Mtunza Mimea ukurasa ili atie sahihi kama shahidi.